Hiyo 480 uliyoiona shorumu

Mteja huyu ni wa tatu mwezi huu. Anaingia karakana na gari la umeme, BYD Atto 3, ambalo halijamaliza hata miezi sita, na kabla hata ya salamu: "Fundi, betri imekufa." Alijaza chaji Mombasa hadi 100%, akapakia familia, kiyoyozi kikawashwa mwanzo hadi mwisho, mguu kwenye 100 na 110. Kufika Mtito Andei, katikati ya njia ya Nairobi, imebaki 21%. "Na shorumu niliona kwa macho yangu, fundi. Dashibodi iliandika kilomita 480!"

Aliona, sikatai. Ila gari la shorumu halijaenda popote. Magari mengine hukisia masafa kwa kuangalia yalivyoendeshwa kilomita za karibuni. Mengine huchukua asilimia ya chaji na kuizidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani. Likiwa limeegeshwa juu ya vigae, chini ya taa, gari la aina yoyote kati ya hizo litakuonyesha jibu la mtihani wa maabara tu, kwa sababu halina safari yoyote ya kukumbuka.

Na maabara si moja. Hapa ndipo subira yangu huisha, maana watu huweka namba mbili za mitihani miwili tofauti bega kwa bega na kuchagua iliyo kubwa. Gari hili hili, betri hii hii ya kWh (yuniti za umeme) 60.48: kwa mtihani wa China, CLTC, ni kilomita 510. Kwa NEDC, mtihani wa zamani wa Ulaya, 480. Kwa WLTP, ulioanza Ulaya Septemba 2017, 420. Hakuna aliyedanganya. CLTC huendesha gari kwa wastani wa kilomita 29 kwa saa, NEDC karibu 34, WLTP 46.5, na kote kiyoyozi kimezimwa. Wastani wa 29 ni foleni ya Thika Road, Nairobi, saa kumi na moja jioni! Mtu aliyenunua Nissan Leaf ya kwanza, ya kWh 24, Japani walimwambia kilomita 200 na Marekani wakamwambia 117. Gari ni lile lile. Basi mtu akiniambia "hii ni ya 510, imeishinda ile ya 420" bila kutaja mtihani, hajaniambia kitu.

Barabara kuu ni habari nyingine. Upepo unaokusukuma nyuma hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 110 unakaribia kuwa mara mbili. Gari la petroli hupigana na upepo huo huo, ila injini yake hupoteza nishati nyingi kama joto hata ukienda polepole, kwa hiyo huoni tofauti kubwa. La umeme halipotezi hivyo, ndiyo maana kila unachokiongeza kwa mguu unakiona kwenye asilimia.

Nikamkalisha mezani tukapiga hesabu. Betri ina kWh 60, yaani yuniti 60, zile zile unazonunua kwa tokeni. Kilomita 240 hivi, kwa yuniti 18 kila kilomita 100, ni 43. Mtito Andei iko mita 750 hivi juu ya bahari. Kupandisha gari na watu watano, tani 2.1, ni yuniti 4 na ushei hata kabla ya kuhesabu hasara za mota. Jumla 47 na kitu. Zimebaki 13, nazo ni 21%. Betri yake haina ugonjwa. Ilifanya kazi sawasawa kabisa, na bado mlima uliobaki mbele ulikuwa mrefu kuliko aliokwisha kuupanda, kwani Nairobi iko karibu mita 1,700. Akishuka tena Pwani atarudishiwa sehemu ya zile yuniti mota inapofanya kazi ya breki. Si zote, na akiondoka na 100% mwanzoni hazina hata pa kuingia.

Kwa hiyo shorumu, acha kupiga tairi teke. Uliza betri ni yuniti ngapi na masafa ni ya mtihani gani. Tazama tundu la chaji ni la aina gani, CCS2 au GB/T ya magari yaliyoletwa moja kwa moja kutoka China. Ukikosea hapo utahangaika kila kituo. Kisha omba uliendeshe barabara kuu, kiyoyozi kikiwaka, usome linakula yuniti ngapi kwa kilomita 100. Gawanya mwenyewe yuniti za betri kwa hizo, uzidishe kwa 100, upate kilomita.

Lipo jambo ambalo vijitabu hulipita na mimi sitaki kulificha. Ile asilimia yenyewe ni makisio. Betri hii ni ya LFP (lithiamu, chuma na fosfeti), na volti ya kila seli hukaa kwenye 3.2 hadi 3.3 kwa sehemu kubwa ya chaji, kwa hiyo kompyuta haiwezi kutofautisha vizuri 40 na 60 kwa kuangalia volti. Huhesabu umeme unaoingia na unaotoka, na vikosa vidogo hujilimbikiza. Ndiyo sababu huambiwa uijaze hadi 100% mara kwa mara: kule juu volti hupanda ghafla, kompyuta ikapata pa kujisahihisha. Nimeendesha gari likaruka kutoka 14% hadi 9% kabla sijamaliza mtaa mmoja. Hata afya ya betri, yaani asilimia ya uwezo iliyobaki tangu ilipokuwa mpya, ambayo mashine yangu husoma hutoka kwenye hesabu hizo hizo. Kuna gari lililonipa 97 asubuhi na 94 jioni bila kutoka nje ya lango.

Kwenye karatasi ya mteja wangu niliandika "takriban 96". Akauliza kwa nini takriban. Tukakaa tena nusu saa nyingine.