Kugeuza safari katika bahari za kusini: maana yake

Kugeuza safari ni nahodha kuiacha njia aliyoipanga kwa kuwa hali ya hewa iliyo mbele yake ni ya hatari. Pengine ataahirisha kung'oa nanga, pengine atazunguka mbali, pengine ataelekea bandari nyingine kabisa. Hufanyika katika kila bahari. Lakini katika maji yanayoizunguka Antaktika uamuzi huo ni mzito zaidi, kwa sababu upepo na umbali humnyima nahodha nafasi ya kujirekebisha baadaye.

Tazama ramani kati ya latitudo ya digrii 40 kusini na Antaktika. Ukiondoa ncha ya Amerika Kusini, Tasmania, New Zealand na visiwa vichache, ni maji matupu dunia nzima. Upepo wa magharibi huvuma humo bila kizuizi, na mawimbi hupata maelfu ya kilomita ya kukua. Mabaharia Waingereza waliuita ukanda huo Arobaini Zinazonguruma, na ule unaofuata Hamsini Zenye Ghadhabu. Maeneo ya mgandamizo mdogo wa hewa, yanayoleta dhoruba, hupita yakifuatana kuelekea mashariki. Moja likipita, upepo huruka kutoka kaskazini-magharibi hadi kusini-magharibi, na mawimbi mapya huyakata ya zamani kwa pembe. Bahari iliyovurugika hivyo huweza kuipindua mashua ambayo ingelihimili wimbi kubwa linalokuja kwa mpangilio.

Kwa hiyo huko huwezi kugeuza omo tu ukarudi ulikotoka. Kurudi magharibi ni kubisha dhidi ya upepo uleule unaoukimbia. Mara nyingi njia ya kutokea ni kaskazini, na huenda ikachukua siku kadhaa. Uamuzi hutolewa anga likiwa bado safi, kwa kusoma utabiri na barometa (kipimo cha mgandamizo wa hewa) inayoshuka. Msaada nao uko mbali: katika Pasifiki ya Kusini pana mahali ambapo nchi kavu ya karibu kabisa iko takriban kilomita 2,700.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa William Bligh, nahodha wa meli ya Bounty. Watu humkumbuka kwa maasi ya mabaharia wake, nami naona haki yake imepunjwa. Alitoka Uingereza Desemba 1787 kwenda Tahiti, kisiwa cha Pasifiki, akiwa amecheleweshwa, akaifikia Cape Horn, rasi ya ncha ya Amerika Kusini, msimu mzuri ukiwa umepita. Kwa karibu mwezi mzima alibisha dhidi ya upepo, theluji na mvua ya mawe. Meli ilivuja hadi maji ya ngamani yakawa yanapigwa pampu kila saa. Tarehe 22 Aprili 1788 aliamuru usukani ugeuzwe, akaupa upepo mgongo na kushika njia ya mashariki hadi Rasi ya Tumaini Jema, kinyume kabisa na alivyokusudia. Alifika huko mwezi Mei, akaitengeneza meli, na Oktoba akatia nanga Tahiti. Ruhusa ya kupita njia hiyo aliiomba na kupewa kabla ya kuondoka. Njia ya pili ilikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo.

Upepo ndio uliomwongoza pia mvumbuzi Ernest Shackleton mwaka 1916, alipotoka Kisiwa cha Elephant, karibu na Antaktika, katika mashua ya mita 7 hivi kutafuta msaada kwa wenzake waliokwama. Cape Horn na visiwa vya Falkland vilikuwa karibu zaidi, lakini vilikuwa upande unakotoka upepo. Alichagua South Georgia, yapata kilomita 1,300, akafika baada ya siku 16.

Siku hizi uamuzi huu una kinga ya kisheria. SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unamkataza mwenye meli, mkodishaji au mtu mwingine yeyote kumzuia nahodha kuchukua hatua ambayo yeye, kwa utaalamu wake, anaiona ni ya lazima kwa usalama wa watu.