Je, wajua kwa nini watazamaji wa Sci Fi waliwaka chaneli yao ilipobadilisha tahajia tu?

Tamka Sci Fi. Sasa tamka Syfy. Yote mawili yalikusudiwa kutamkwa "sai-fai", sikio lisitofautishe. Lakini Machi 16, 2009, chaneli ya Marekani ya Sci Fi, iliyokuwa ikirusha bunilizi za kisayansi (science fiction, kwa kifupi sci-fi) tangu 1992, ilipotangaza kwamba kuanzia Julai 7 itajiandika Syfy, watazamaji wake waliwaka utadhani wameambiwa inafungwa. Walikejeli, walitunga utani, wengine wakaapa kuhama. Tahajia tu iwaume hivyo?

Jibu la haraka ni kwamba jina jipya lilikuwa baya, na hapo sitawatetea waliolibuni. Wengi walilisoma "sifi", kama mimi na wewe tungelisoma, wakaanza kutania kuhusu kaswende, ambayo jina lake la Kiingereza, syphilis, huanza kwa sauti hiyohiyo. Nchini Poland ndiko kulikoharibika zaidi. Huko syf ni neno la mtaani la uchafu, na asili yake ni ugonjwa huohuo. Syfy ni wingi wake. Haishangazi kwamba chaneli ya Poland iliendelea kutumia Sci Fi katika jina lake.

Jina baya, hata hivyo, huchekwa wiki mbili kisha likazoeleka. Hili liliendelea kutupwa usoni mwa chaneli kwa miaka. Kila kipindi kizuri kilipokatwa, kila upuuzi uliporushwa, kuna aliyesema: si ndiyo maana wakabadilisha jina?

Tuwasikilize kwanza wenye chaneli, maana walikuwa na hoja. Neno sci-fi lilienezwa na Forrest J Ackerman, shabiki mkubwa wa bunilizi hizo, mwaka 1954. Kufikia 2009 lilikuwa neno la kila mtu, na sheria ya alama za biashara haikubali mtu amiliki neno la kawaida linalotaja aina ya kitu anachokiuza. Ni sawa na kuliita gazeti lako "Gazeti" kisha ukataka magazeti mengine yote yaache kulitumia. Chaneli ilitaka kuweka jina lake kwenye michezo ya video, bidhaa, tovuti na chaneli dada za nchi nyingine, na isingeweza kulilinda popote. Syfy ni neno ambalo halikuwamo katika kamusi, kwa hiyo lingeweza kumilikiwa. Kubakiza matamshi ulikuwa ujanja wa kupata alama ya biashara bila kupoteza sauti iliyozoeleka. Kisheria, hesabu hiyo ilikuwa nzuri.

Sababu ya pili ndiyo iliyochoma. Wakuu wa chaneli walisema jina la zamani linawafungia ndani ya anga za juu na roboti, ilhali wao wanarusha pia njozi, mizimu na mambo yasiyoelezeka. Hilo lingepita. Lakini mwanahistoria wa televisheni Tim Brooks, aliyeshiriki kuizindua chaneli hiyo, alieleza hadharani kwamba jina Sci Fi lilihusishwa na wavulana wasiojua kuishi na watu, waliojichimbia vyumba vya chini ya nyumba na michezo yao ya video, na kwamba liliwafukuza watazamaji wa kawaida, hasa wanawake. Hebu jiweke mahali pa mwanamke aliyekuwa akiitazama chaneli hiyo kwa miaka kumi na saba. Umelipa kebo, umevumilia matangazo, umewaambia wenzako watazame. Sasa unaambiwa kwamba mtu kama wewe hayupo, na wale waliopo ndio wanaotia aibu.

Kuna kichekesho hapa ambacho wengi hawakukigundua. Waandishi na mashabiki wa zamani wa fasihi hii walilichukia neno sci-fi lenyewe. Kwao lilikuwa neno la filamu za bei rahisi zenye mazimwi ya mpira. Wao walisema SF. Yaani mwaka 2009 mashabiki walikuwa wakililia jina ambalo wakubwa wao walilidharau. Neno lilikuwa limepata heshima taratibu, na chaneli hii ilichangia.

Na ilichangia kweli. Isaac Asimov, mwandishi maarufu wa bunilizi za kisayansi, na Gene Roddenberry, mtunzi wa Star Trek, walikuwa washauri wake wakati inaandaliwa. Wote wawili walifariki kabla haijaanza kurusha mnamo Septemba 24, 1992. Miaka ile, kabla ya kutazama kupitia intaneti, ukitaka kuona tamthilia ya zamani ya anga za juu ulisubiri bahati. Hapa palikuwa na mahali pamoja, saa zote, penye jina lililosema wazi ndani mna nini. Mtazamaji hakulichukulia kama nembo ya kampuni. Alilisoma kama ahadi.

Sasa tazama ahadi hiyo ilivyokuwa ikilegea hata kabla ya jina kuguswa. Mwaka 2002 chaneli iliikata Farscape, tamthilia ya anga za juu, na mashabiki wakaimiminia barua, simu na barua pepe. Kelele zao zikasaidia kuzaa tamthilia fupi ya kumalizia hadithi, iliyorushwa 2004. Mwaka huohuo wa 2004 ilianza Ghost Hunters, kipindi cha watu wanaozunguka majumbani gizani wakisaka mizimu kwa vipima joto na kamera. Jumamosi zikajaa filamu za mijusi na papa wa kompyuta. Kisha Juni 13, 2006, ikaja mieleka. Naam, mieleka. Ili kuhalalisha uwepo wake kwenye chaneli ya bunilizi, usiku wa kwanza wa ECW, kipindi hicho cha mieleka, alipandishwa ulingoni mtu aliyevaa kama maiti inayotembea, akacharazwa fimbo na mwanamieleka aitwaye The Sandman. Maiti ile ilikuwa ndiyo sayansi yote ya usiku huo.

Kwa nini chaneli inayojua wateja wake ifanye hivi? Kwa sababu chaneli ya kebo hula kwa mikono miwili: ada inayotozwa kampuni za kebo kwa kila mteja, na matangazo ya biashara. Tamthilia ya anga za juu huhitaji seti, mavazi, waigizaji wengi na picha za kompyuta, tena kila wiki. Kipindi cha kusaka mizimu huhitaji nyumba, kamera na giza, na giza ni la bure. Mieleka huja na mashabiki wake, wengi na waaminifu, wiki baada ya wiki. Anayekaa na hesabu mezani haoni usaliti, anaona mistari miwili na mmoja una nafuu. Sci Fi haikuwa peke yake. Februari 2010 MTV iliondoa katika nembo yake maneno yaliyomaanisha televisheni ya muziki, muda mrefu baada ya muziki wenyewe kupungua. Jina la aina moja huisaidia chaneli kuzaliwa, kisha linaanza kuibana.

Ndiyo maana nasema hasira ya 2009 haikuhusu tahajia. Angalia kalenda. Tangazo la jina lilitoka Machi 16. Battlestar Galactica, tamthilia iliyoifanya chaneli hiyo iheshimiwe hata na wahakiki wasiopenda bunilizi, ilirusha sehemu yake ya mwisho Machi 20. Siku nne! Watazamaji walikuwa bado wanaaga kitu walichokipenda kuliko vyote, mwenye nyumba akaingia kutangaza kwamba anabadilisha kibao cha mlangoni. Hawakuhitaji mtu wa kuwatafsiria.

Kwa upande wa namba, mashabiki walishindwa. Tamthilia mpya ya Warehouse 13 ilianza siku ileile ya jina jipya, Julai 7, na kutazamwa na watu wapatao milioni 3.5, kiwango kikubwa kwa chaneli hiyo. Waliotabiri kwamba itakufa kwa jina lake walikosea. Waliotabiri kuhusu vipindi, hao sijui kama walikosea. Oktoba 1, 2010, SmackDown ya mieleka ilichukua Ijumaa, usiku ambao kwa miaka ulikuwa wa tamthilia za anga za juu. Caprica na Stargate Universe zilihamishiwa Jumanne. Kabla ya Oktoba kwisha Caprica ilikuwa imefutwa. Desemba zamu ikafika kwa Stargate Universe. Mtu akibishana kwamba tamthilia hizo tayari zilikuwa zikipoteza watazamaji, nitakubali. Lakini kuuondoa mti kwenye udongo wake ukishaanza kunyauka si tiba.

Julai 2013 ikaja Sharknado, filamu ya kimbunga kinachonyesha papa, na intaneti nzima ikacheka pamoja. Usiku wa kwanza ilitazamwa na watu wasiofika milioni moja na nusu, lakini marudio yake yakavuta wengi zaidi, jambo ambalo ni nadra. Sikatai kwamba ilikuwa burudani.

Mwaka 2017, ikitimiza miaka 25, chaneli ilijirembesha upya na kusema waziwazi kwamba inarudi kwa mashabiki. Wakati huo ilikuwa na The Expanse, tamthilia ya anga za juu iliyoanza 2015, ambayo wengi waliiona kuwa mrithi halali wa Battlestar Galactica. Mei 2018 ikaikata. Sababu ilikuwa ya kimkataba: Syfy ilimiliki tu haki ya kuirusha mara ya kwanza kwenye televisheni nchini Marekani, kwa hiyo aliyeitazama baadaye mtandaoni hakuiingizia kitu, na mashabiki wa tamthilia za namna hiyo wengi hutazama baadaye.

Mashabiki walichanga pesa wakakodi ndege ivute bango la kuomba tamthilia iokolewe. Mwezi huohuo Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, akatangaza kwamba Amazon inaichukua, na ikaendelea kwa misimu mitatu zaidi. Mwaka 2002, walipoililia Farscape, mashabiki waliiandikia chaneli yenyewe. Ndege ya 2018 haikupelekwa Syfy. Iliruka Santa Monica, ikazunguka juu ya studio za Amazon.