Kukatika pumzi usingizini: kile kimya katikati ya mkoromo

Dar es Salaam tunalala madirisha wazi kwa ajili ya joto, kwa hiyo anayekoroma husikika mpaka nyumba ya pili. Tumezoea kusema huyo kachoka, kalala fofofo. Lakini sikiliza vizuri. Wapo wanaokoroma kwa sauti moja hadi alfajiri. Na wapo ambao mkoromo hupanda, ukapanda, kisha ghafla kimya. Kifua kinahangaika ila hewa haipiti. Sekunde kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi ya nusu dakika. Halafu anashtuka kwa mkoromo mkubwa kama mtu aliyeibuka majini, anajigeuza, na mambo yanaanza upya. Ninachotaka kukieleza hapa ni hicho kimya. Madaktari wanakiita apnea ya usingizi, neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake kukosa pumzi. Kwa Kiswahili chetu ni kukatika pumzi usingizini.

Fikiria pampu ya maji pale uani. Hakuna fundi atakayekufungia mpira laini upande wa kuvuta. Ukiwasha tu, mpira unajibana, kuta zake zinagandana na maji hayapandi. Upande wa kuvuta hufungwa bomba gumu. Mpira laini unafaa upande wa kusukuma, kwa sababu maji yenyewe ndiyo yanayouweka wazi. Sasa koo la binadamu, nyuma ya ulimi na kaakaa laini, ni mpira laini. Halina mfupa wa kulizunguka, limeshikiliwa na misuli. Na mapafu kazi yake ni kuvuta. Ukiwa macho misuli inakaza na njia inabaki wazi. Ukilala inalegea, ulimi unarudi nyuma, hasa ukilala chali, na nyama za koo zinasogeleana. Njia ikibanwa kiasi, hewa inatikisa zile nyama, ndiyo kukoroma. Ikijifunga kabisa, pumzi imekatika.

Hapo oksijeni katika damu inashuka, ubongo unastuka na kumwamsha mtu kwa sekunde chache tu, kiasi cha misuli kukaza tena. Asubuhi hakumbuki chochote. Kwa mwenye hali mbaya hilo hutokea mara 30 au zaidi kwa kila saa ya usingizi. Amelala saa nane kitandani, lakini usingizi wenyewe ni vipande vipande.

Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa lori la makontena, bandarini na Barabara ya Mandela kila siku. Alikuwa na presha, anakunywa dawa tatu na bado haishuki. Usiku anaamka kukojoa mara nne, tukadhani ni kisukari, kikapimwa kikakosekana. Asubuhi kichwa kinauma. Kwenye foleni anasinzia mpaka utingo amguse bega. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akisema, miaka na miaka, "Mwanangu, baba yako akilala ananitisha, kuna wakati namtikisa nijue kama yupo." Tulimjibu kwamba wanaume wote wanakoroma. Na kliniki tuliyompeleka kwa presha hakuna siku aliulizwa analalaje. Yote yale, presha, mkojo wa usiku, kichwa, kusinzia, yalikuwa ya ugonjwa mmoja, na mtu aliyeugundua mapema alikuwa amelala pembeni yake. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi haujui. Ndiyo maana nasema mke, mume au ndugu mnayelala chumba kimoja ndiye shahidi wa kwanza, asipuuzwe.

Watu wengi huchanganya hali hii na jinamizi. Ukikabwa na jinamizi wewe mwenyewe unajua: akili iko macho, mwili haunyanyuki, unahisi umekaliwa kifuani, na asubuhi unasimulia. Mwenye kukatika pumzi mara nyingi hana cha kusimulia. Anajiona alilala vizuri, ila anashangaa kwa nini anaamka amechoka kuliko alivyolala.

Presha inaingiaje? Kila pumzi inapokatika mwili unatoa homoni za hatari, moyo unakimbizwa na mishipa inakaza. Mara mia kadhaa kwa usiku mmoja, kwa miaka. Ukiachwa hivyo, ugonjwa huu unahusishwa na kiharusi, mapigo ya moyo kwenda ovyo, kisukari, na ajali za barabarani. Mtu ambaye presha yake haishuki kwa dawa tatu anastahili kuulizwa kuhusu usingizi wake. Kama daktari haulizi, mwambie wewe.

Unene na shingo nene huongeza hatari, umri nao, na wanaume hupata zaidi, ingawa wanawake baada ya kukoma hedhi wanawakaribia. Lakini mtu mwembamba mwenye taya dogo au tonsesi kubwa anaweza kuwa nao vilevile. Ipo pia aina nyingine, isiyo ya kawaida sana, ambapo koo liko wazi ila ubongo hautumi amri ya kupumua. Hiyo huonekana kwa baadhi ya wenye moyo dhaifu au wanaotumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, na matibabu yake ni mengine.

Kipimo chenyewe ni kulala. Unafungiwa vihisio puani, kifuani, kidoleni, na kwa kipimo kamili hata kichwani, kisha unalala usiku mmoja, hospitali au nyumbani kwa kifaa kidogo. Wanahesabu pumzi ilikatika au kupungua mara ngapi kwa saa. Kwa mtu mzima chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 14 ni kiasi kidogo, 15 hadi 29 ni wastani, 30 kwenda juu ni mbaya. Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, tulichokizoea wakati wa korona, hakitoshi ukikivaa mchana, kwa sababu ukiwa macho kinasoma vizuri tu. Kwa Dar anza kwa daktari wa masikio, pua na koo, Muhimbili wanayo idara hiyo, au daktari wa kifua, umuulize moja kwa moja kipimo cha usingizi kinafanyika wapi.

Tiba kuu ni mashine ya CPAP, inayopuliza hewa kooni mtu akiwa amelala. Ilibuniwa Sydney, Australia, na daktari Colin Sullivan, ambaye pamoja na wenzake waliandika habari zake mwaka 1981 baada ya kuwajaribia wagonjwa watano. Mashine za mwanzo zilitumia mota ya kifyonza vumbi iliyogeuzwa ili ipulize badala ya kuvuta. Rudi kwenye pampu yetu: mpira laini ukisukumwa kutoka ndani haujibani. CPAP haikupumulii na wala si mtungi wa oksijeni. Inasukuma hewa hii hii ya chumbani kupitia barakoa ya puani, kwa mgandamizo mdogo, na hewa hiyo inalishikilia koo wazi. Kuna wanaoamka siku ya pili wakiwa watu wapya. Wengine huchukua wiki kadhaa kuizoea. Barakoa isiyokaa vizuri ndiyo humfanya mtu aitupe mvunguni, kwa hiyo omba ujaribishwe zaidi ya moja. Na haiponyi: usiku usioivaa, koo linajifunga kama zamani. Umeme ukikatika, vua barakoa uendelee kulala, kwa ubavu. Anayeweza atafute betri.

Zipo pia njia nyingine, hasa kwa ambaye hali yake si mbaya sana. Kupunguza uzito kunasaidia kweli. Utafiti wa Wisconsin, Marekani, ulionyesha kwamba kupungua asilimia 10 ya uzito kuliendana na pungufu ya takriban asilimia 26 ya pumzi zinazokatika. Kulala ubavu husaidia wale wanaosumbuka wakilala chali. Bia za jioni na vidonge vya usingizi kama diazepamu hulegeza misuli ile ile inayoshikilia koo, na hapa nasisitiza kwa sababu mtu aliyechoka hukimbilia duka la dawa kuomba vidonge hivyo. Kipo kifaa cha meno kinachotengenezwa na daktari wa kinywa, kinavuta taya la chini mbele kidogo. Mwezi Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tirzepataidi, sindano ya kupunguza uzito, kwa watu wazima wanene wenye hali ya wastani au mbaya. Upasuaji upo, ila kwa mtu mzima huchaguliwa kwa uangalifu.

Kwa mtoto ni tofauti. Anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi shingo ameirudisha nyuma, anakojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, darasani hatulii: mara nyingi ni tonsesi na nyama za pua, na kuziondoa hospitalini huwa ndiyo tiba ya kwanza. Watoto wenye selimundu wachunguzwe mapema. Tafadhali usimpeleke kukatwa kimeo mtaani. Kimeo si chanzo, na mkato ule umewaachia watoto damu nyingi na maambukizi.

Mwenye ugonjwa huu akienda kupasuliwa kwa jambo lolote, amwambie mtaalamu wa nusukaputi, maana dawa ile nayo inalegeza koo.

Kabla ya kwenda kwa daktari, mwombe unayelala naye aweke simu pembeni na kukurekodi saa nane au tisa usiku. Baba mdogo alibisha mpaka siku aliposikilizishwa kimya chake mwenyewe, sekunde thelathini na nne kwa saa ya simu. Alinyamaza, akauliza hospitali wanafungua saa ngapi.