Sinki la kufulia linapitisha maji kwa kusuasua: unayoambiwa na yaliyo kweli

Nyumba za zamani zina hii shida sana, unamaliza kufua, unatoa kizibo, maji yanakaa tu pale yanashuka kwa kujivuta mpaka povu linakaukia ukingoni. Na kila mtu ana dawa yake ya kukwambia, nyingi ni za kusikia tu.

Inayonikera kuliko zote ni "mwagia kostiki soda usiku, asubuhi kweupe". Kostiki inakula mafuta na nywele, sawa, ila sinki la kufulia halizibi kwa mafuta ya jikoni jamani, linaziba kwa nyuzinyuzi za nguo, za pamba na za poliesta, zinanasa kwenye sabuni, na kama maji yenu ni ya chumvi ile sabuni inaganda na kuwa utando mgumu. Nyuzi hizo hazilegei kirahisi kwa kostiki. Sasa maji hayatembei, dawa inatuama kwenye kona ya chini ya sinki, lile bomba lililopinda kama U, inapata moto yenyewe, siku fundi anafungua inamrukia usoni. Ukishamwaga mwambie fundi kabla hajashika spana, tafadhali. Na usije ukachanganya blichi na dawa ya choo yenye asidi, hapo inatoka gesi ya klorini, hiyo inaua.

Bekingi soda na siki? Inatoa povu zuri, lakini asidi na soda zinamalizana zenyewe, gesi inapaa, unabaki na maji ya chumvichumvi.

Maji yanayochemka pia siyo, hasa kama kuna kipande cha plastiki: bomba la PVC linaanza kupata shida ukizidi nyuzi joto 60 hivi, linalegea na viungio vinavuja. Maji ya moto ya kawaida yanatosha.

Kinachofanya kazi ni mikono. Weka ndoo chini, vaa glavu, fungua ile kona ya U, utatoa kitu cha kijivu kinateleza, kimeshikana kama blanketi lililolowa, na mara nyingi shida nzima ilikuwa hapo. Wakati wa kurudisha angalia wesha, zile ringi za mpira za kwenye viungio, kwenye nyumba ya zamani huwa zimekauka zinapasuka, weka mpya kabisa. Kona ikiwa safi na maji bado yanasuasua, ingiza waya wa springi kwenye bomba la ukutani. Wengine wanasema pampu ya mpira haisaidii kitu, kumbe wameacha tundu la juu la sinki wazi, upepo wote unatokea huko! Ziba kwa kitambaa kilicholowa, maji yafunike mpira, ndio upige.

"Ukishazibua imeisha" nayo inategemea. Kama bomba ni la chuma la zamani, kutu inaota kwa ndani miaka na miaka, bomba la inchi moja na nusu linabaki na njia nyembamba tu, springi inatoboa katikati na baada ya muda mfupi mko palepale. Hapo mimi nasema badilisha hicho kipande, na kama mashine ya kufulia inamwaga humo weka la inchi 2, maana sinki nyingi za zamani zilijengwa kwa kufua kwa mkono na mashine inasukuma maji mengi kwa mpigo. Mteremko uwe kama sentimita 2 kwa kila mita.

Ukisikia bomba linabwabwaja na harufu inapanda, usikimbilie kuzibua tu, huenda bomba la hewa la juu ya paa limejaa majani au ndege kajenga kiota. Na kama choo na bafu navyo vinasuasua, basi shida iko kwenye bomba kubwa la nje, hapo ita fundi.

Kwa wenye mashine, funga kichujio cha wavu mwishoni mwa paipu ya kutolea maji, kisha ukisafishe kabla hakijajaa, kikijaa paipu inachomoka na maji yote yanaishia sakafuni.