Namba 2,147,483,647 na Hesabu za Shilingi

Kwa mfanyabiashara wa jumla wa Kikuubo, Kampala, mauzo ya shilingi bilioni mbili si jambo la kustaajabisha, na ndiyo sababu namba 2,147,483,647, ambayo penye sarafu nzito hubaki mikononi mwa wanahisabati na wahandisi, hapa Uganda inaweza kumfikia mhasibu wa kawaida. Shilingi 2,147,483,647 ukizihesabu kwa noti za shilingi 50,000 utapata noti 42,949, na chenji ya shilingi 33,647.

Namba hii ni mbili kwa kipeo cha 31, kutoa moja. Kwa hiyo ikiandikwa kwa 0 na 1, kama kompyuta inavyofanya, huwa ni 1 thelathini na moja mfululizo. Programu nyingi hutenga nafasi 32 kwa kila namba kamili, mojawapo ikionyesha kama namba ni chanya au hasi. Zile 31 zikishajaa, shilingi moja tu ikiongezwa, programu isiyo na kinga inaweza kuandika kwamba duka lina deni la 2,147,483,648.

Tena ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwanahisabati Leonhard Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772, bila mashine yoyote. Kwa njia ya kawaida angelazimika kujaribu kila namba tasa hadi 46,340, nazo ni zaidi ya 4,700. Lakini alionyesha kwamba kigawo tasa cha namba hii, kama kipo, sharti kibakize 1 au 63 kinapogawanywa kwa 248, na namba za aina hiyo hazifiki 400. Ya kwanza iliyo tasa ni 311, nayo inaacha baki ya 35. Nyingine zote nazo huacha baki. Kwangu mimi, huko kupunguza kazi kunapendeza kuliko jibu lenyewe.

Wapo wanaodhani kompyuta ilipewa mpaka huu kwa kuwa namba ni tasa. Sivyo. Mpaka wa nafasi 16, yaani 32,767, ni 7 mara 31 mara 151, na ule wa nafasi 64, yaani 9,223,372,036,854,775,807, unagawanyika kwa 7.

Saa za mifumo mingi ya zamani nazo huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa nafasi hizohizo 32. Zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Kampala, na sekunde itakayofuata baadhi zitarudi Desemba 1901. Tiba ni kuhamia nafasi 64. Mwenye programu ya mauzo anaweza kumwomba fundi wake aingize 2,147,483,648 katika akaunti ya majaribio, kamwe si katika daftari halisi, kisha asome kinachojitokeza kwenye jumla.