Jumba la Jiji la Bremen: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Mgeni anayesimama kwa mara ya kwanza katika uwanja wa soko wa Bremen, kaskazini mwa Ujerumani, huona sanamu za mfalme mkuu na wakuu saba waliokuwa na haki ya kumchagua kwenye uso wa jumba la jiji, akadhani kwamba hilo lilikuwa kasri. Ukweli ni kwamba hakuna mfalme aliyepata kuishi humo. Jumba lilijengwa kati ya 1405 na 1409 na baraza la mji, lililoongozwa na matajiri wa biashara, na sanamu hizo zilikuwa tamko la kisiasa: mji ulimtambua mfalme mkuu wa Dola Takatifu la Kirumi, dola lililojumuisha Ujerumani ya wakati huo, si askofu mkuu aliyedai kuutawala. Ndiyo maana hata Roland, sanamu ya mawe ya shujaa wa hadithi na alama ya uhuru wa mji, aliyesimamishwa mbele ya jumba mwaka 1404, ameelekeza uso wake kwenye kanisa kuu la askofu huyo. Yule wa mbao aliyemtangulia alichomwa moto na watu wa askofu mkuu mwaka 1366, kwa hiyo ugomvi huo haukuwa wa maneno matupu.

Wengine huamini kwamba nakshi zote za mbele ni za enzi hiyohiyo. Sanamu kubwa asili yake ni ya enzi hiyo kweli, ingawa zinazoonekana leo ni nakala, lakini madirisha mapana na mapambo yanayopigwa picha zaidi ni kazi ya mjenzi Lüder von Bentheim, ya mwanzoni mwa karne ya 17. Tena, kwa kuwa Bremen ilipigwa mabomu vibaya katika Vita Kuu ya Pili, wapo wanaodhani kuwa wanatazama jumba lililojengwa upya. La hasha, jumba hilo lilinusurika, na mwaka 2004 liliingizwa pamoja na Roland katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Si makumbusho pia. Bremen ni jimbo kamili, na meya wake, ambaye ndiye kiongozi wa serikali ya jimbo, bado ana ofisi hapo. Kwa sababu hiyo mgeni huingia na mwongozaji tu. Inafaa kuvumilia utaratibu huo, kwani katika ukumbi wa juu zinaning'inia merikebu ndogo za mfano, ya zamani zaidi ikiwa ya 1545, zenye mizinga iliyoweza kufyatuliwa siku za sherehe. Anayetarajia bia katika ghala la chini atashangaa: sifa yake ni mvinyo wa Kijerumani, na pipa moja lina mvinyo wa 1653.

Ubavuni mwa jumba wamesimama punda, mbwa, paka na jogoo wa shaba, kazi ya Gerhard Marcks. Katika hadithi ya ndugu Grimm, wakusanyaji wa ngano za Kijerumani, wanyama hao walikuwa wakienda Bremen kuwa wanamuziki, lakini hawakufika kamwe. Waliteka nyumba ya majambazi njiani wakabaki humo. Anayetaka bahati na ashike miguu ya punda kwa mikono yote miwili, kwani wenyeji husema kwamba anayetumia mkono mmoja ni punda anayemsalimia punda mwenzake.