Kilele cha kijeshi ni nini? Tuangalie Salaita

Wengi wakisikia jeshi limekamata kilima wanajua askari wamekaa pale juu kabisa, kumbe mara nyingi pale juu hapakaliwi. Kuna kitu kinaitwa kilele cha kijeshi, sio ile ncha yenyewe, ni ule mstari ulio chini yake kidogo upande wa adui, ambapo ukilala na bunduki unaona mteremko wote mpaka kitakoni.

Chukulia umesimama katikati ya paa la bapa, mtu anabisha hodi chini mlangoni, humuoni ng'o mpaka usogee ukingoni. Kilima nacho kina tumbo, na hilo tumbo ndo linawaficha wanaopanda. Tena ukisimama nchani nyuma yako ni anga tupu, unaonekana toka mbali na unapigwa.

Sasa twende Taveta, njia ya kutoka Voi. Salaita ni kilima kidogo tu katikati ya nyika ya miiba, lakini kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walikishikilia kwa sababu kinalinda njia ya kuingia Taveta na kwenda mpaka Kilimanjaro. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza wakapeleka brigedi ya Wazungu wa Afrika Kusini, wageni kabisa wa nyika ile. Mizinga ikatwanga kule juu, vumbi likatimka, ila mahandaki yenyewe yalikuwa chini kitakoni yamefunikwa na vichaka! Yaani jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika wenzetu, lilishuka hata kupita hicho kilele cha kijeshi, maana kwenye tambarare risasi inayopita usawa wa kiuno inafagia kuliko inayotoka juu, na wewe unayekuja huoni hata moshi unatokea wapi.

Waafrika Kusini walirudi nyuma, zaidi ya 130 wakiwa wameuawa, wamejeruhiwa au hawajulikani walipo, na waliosimama imara kuwakinga ni Wabaluchi wa jeshi la India lililokuwa chini ya Waingereza, watu ambao baadhi ya hao hao Waafrika Kusini walikuwa wanawadharau kwa rangi yao. Hili mimi naona lisemwe kila Salaita inapotajwa.

Mwezi uliofuata akaja Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyepewa kuongoza majeshi ya Waingereza, yeye hakutaka kukivamia kwa mbele tena, akapitisha kikosi pembeni huko Ziwa Chala, Wajerumani wakaona watazingirwa, wakakiacha kilima wenyewe.